RO yako inamwaga madumu manne upate moja? Soma hapa kabla hujanunua au kuuza nyingine

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na makundi mawili. Kuna nyie mnaotengeneza juisi, barafu na aiskrimu nyumbani, mnapokea oda WhatsApp, na mna mashine ya RO jikoni. Halafu kuna nyie mnaouza hizo mashine mtandaoni kama mimi. Niko Bukoba, nauza vichujio vya maji na vipuri vyake, na mzigo mwingi naupakia kwenye hiace za Muleba. Swali ninaloulizwa kuliko yote wala siyo bei. Ni hili: "Kaka, mbona hii mashine inamwaga maji mengi kuliko inayonipa?"

Kumwaga ndiyo kazi yake, ila siyo kwa kiasi hicho. RO inasukuma maji kwa nguvu kwenye membreni ambayo hata chumvi haipiti. Chumvi na uchafu unaobaki lazima usombwe, la sivyo unagandia pale na kuiziba. Mrija wa pili ndio unaosomba. Huko Marekani, shirika lao la mazingira, EPA, linasema mashine ya kawaida ya chini ya sinki inaweza kumwaga lita 5 au zaidi kwa kila lita 1 ya kunywa. Ili mashine ipate nembo yao ya WaterSense isizidi lita 2.3. Kwa hiyo teknolojia ya kupunguza ipo, na nyingi ni vipuri vya bei ndogo.

Sasa weka hesabu kwenye pesa. Tuseme dumu la lita 20 unaletewa kwa sh 300 (wewe weka bei ya kwako). Mashine inayomwaga 4 ikupe 1 inahitaji madumu matano ili upate dumu moja safi, yaani sh 1,500. Ikimwaga 1.5 ikupe 1, unahitaji madumu mawili na nusu, sh 750. Ukitumia madumu matatu safi kwa siku, siku 26 za kazi, tofauti ni sh 58,500 kwa mwezi. Kwa anayeuza juisi ya sh 500, hiyo ni faida ya chupa nyingi sana inayopita kwenye karo.

Kuna mama mmoja pale Muleba mjini, anauza juisi na barafu kwa oda za status, alinipigia akitaka kuiuza mashine yake kwa bei ya kutupa. Hakuinunua kwangu, lakini alikuwa mteja wangu wa filta. Nilimwambia, "Mama, kabla hujaiuza, chukua vikombe viwili na simu uhesabu dakika." Afunge koki ya tanki la mashine, afungue bomba la maji safi, akinge kila mrija kwa dakika moja, kisha apime kwenye mizani yake ya dijitali. Gramu moja ni mililita moja. Majibu yakaja: maji safi 90, ya kumwaga 540. Moja kwa sita!

Nilipanda hiace nikaenda. Cha kwanza kilikuwa filta ya kwanza, ile nyeupe ya kuzuia matope. Ilikuwa ya kahawia tupu. Ilikuwa msimu wa mvua, maji yanaingia na tope, filta imeziba, pampu inahangaika na membreni haipati presha. Membreni isiposukumwa haipitishi maji. Yanateleza juu yake na kwenda kumwagika. Hapa niwaambie jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi: simtanki juu ya stendi ya mita 3 haitoshi. Mita 10 za kimo ndiyo unapata bari 1, karibu psi 14. Stendi ya mita 3 inakupa kama psi 4, na membreni nyingi za nyumbani zinataka psi 40 kwenda juu. Bila pampu umenunua mashine ya kumwaga maji.

Cha pili kilikuwa kibaya zaidi maana hakionekani. Tanki likijaa, mashine inatakiwa ijifunge na mrija wa kumwaga ukauke. Wa kwake ulikuwa unatiririka usiku kucha. Kupima ni rahisi: funga koki ya tanki na bomba la maji safi, subiri dakika 10, angalia mrija. Ukiendelea kutoa, mara nyingi kosa ni valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma, au ile ya kujifunga yenyewe. Zote ni ndogo kama kidole. Tukabadilisha filta na valvu, tukapima tena: 160 kwa 500. Tayari tumefika moja kwa tatu na membreni ni ileile.

Cha tatu ni restrikta, kile kipande chembamba kwenye mrija wa kumwaga kinachobana maji yasikimbie. Hakikisha kinalingana na membreni. Membreni ya galoni 75 kwa siku inatoa, ikiwa katika hali nzuri, kama mililita 197 kwa dakika (Bukoba na Muleba tunapata pungufu kidogo, sababu kipimo cha kiwandani ni cha maji ya nyuzi 25 na ya kwetu yana ubaridi). Ukiiwekea restrikta ya 300 unakaribia moja kwa moja na nusu. Mama tulimwekea hiyo: 170 kwa 300. Mashine haikuuzwa.

Lakini msikimbilie kubana kila mashine, hasa nyie mnaotuma mikoani. Huku kwetu inawezekana kwa sababu maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana. Mteja wa kisima cha chumvi Dodoma au Singida ukimbania hivyo, membreni itaganda mapema na atakurudia na lawama. Huyo mwachie moja kwa tatu hivi, umwelekeze pa kutumia yanayomwagika.

Na hapa ndipo nasema kitu ambacho hakinipendezi mfukoni. Mteja wa Bunena au Kashai anayetumia maji ya ziwa, mara nyingi hahitaji RO kabisa. Shida ya maji ya ziwa ni tope na vijidudu, siyo chumvi. Filta ya kaboni na UF, halafu kuchemsha au taa ya UV, inamtosha, na UF haimwagi kitu zaidi ya suuza ya mara moja moja. Maji ya mvua ya kwenye bati, ambayo Bukoba tunayo kwa wingi kuliko mikoa mingi, ni vilevile. RO mpelekee mtu wa Arusha mwenye floraidi kwenye maji. Huyo anaihitaji kweli. Mimi siku hizi naanza kwa kuuliza maji yanatoka wapi, na kama anacho kipima TDS anitumie picha ya namba. Nimeuza UF nyingi kwa faida ndogo, ila hao ndio wanaoniletea jirani zao.

Yale yanayomwagika, kwa maji yetu, yamekolea chumvi kidogo tu kuliko ya bombani. Yakinge kwenye ndoo: kupiga deki, chooni, kufulia, kumwagilia mgomba. Kuosha chupa, tumia kwa maji ya kwanza yenye sabuni tu, suuza ya mwisho iwe maji safi. Usiyanywe na usiyatie kwenye juisi, maana vijidudu vilivyozuiliwa viko humo. Kuna wanaoyarudisha yote kwenye simtanki ili "yasipotee". Kila mzunguko yanazidi kukolea, na membreni ndiyo inayolipa.

Mkishapata maji safi mengi kwa bei ndogo, msishawishike kuyafunga kwenye chupa na kuyapost kama maji ya kunywa. Hiyo ni bidhaa ya chakula, inahitaji TBS. Nendeni SIDO pale Bukoba mkaulize utaratibu kwanza.

Kwa mnaouza mashine: kwenye tangazo, chini ya bei, andika inamwaga lita ngapi kwa kila lita safi, ikiwa na pampu au bila. Na ukituma mzigo, weka ndani filta moja ya akiba ya matope. Mvua za Machi mpaka Mei ndizo zinazozimaliza.

Jioni ya leo pima yako, kisha weka namba mbili na mahali ulipo hapo chini. Za 1 kwa 5 kwenda juu nitazijibu kwanza.