Sachin Tendulkar: Miaka 24 ya Kuhesabu, Miaka 24 ya Kusubiri

Katika mchezo wa kriketi iko hesabu moja ambayo hadi leo hakuna mpigaji wa timu ya taifa ya wanaume aliyeifikia: mikimbio 34,357. Hiyo ndiyo jumla aliyoikusanya Sachin Ramesh Tendulkar, mtoto wa jiji la Mumbai nchini India, tangu alipoivaa jezi ya taifa lake mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 16, hadi alipoivua mwaka 2013 akiwa na miaka 40. Ndani ya jumla hiyo mna zamu 100 ambazo kila moja ilifikia au kupindukia mikimbio 100.

Kwa kawaida makala kuhusu mwanamichezo huyu huishia kwenye tarakimu. Sisi tumeona vyema kuwaletea wasomaji wetu, hasa wazazi na vijana, upande wa pili wa tarakimu hizo. Maana ukizichunguza kwa makini, utakuta kwamba nyuma ya kila rekodi kubwa ya Tendulkar kuna kushindwa, tena kushindwa hadharani, mbele ya macho ya mamilioni.

Kwa msomaji ambaye hakuuzoea mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu akiwa na ubao wa kupigia, akivilinda visiangushwe na mpira mgumu anaorushiwa. Akiupiga na kukimbia hadi upande wa pili hupata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpaka wa uwanja hupata minne, na ukiuvuka bila kugusa ardhi hupata sita. Akikosea mara moja tu akatolewa, zamu yake imekwisha, na atatoka uwanjani akitazamwa na watu wote. Ndiyo maana kufikisha mikimbio 100 katika zamu moja ni heshima kubwa. Ziko mechi za Testi, ambazo huweza kuchukua siku tano, na ziko mechi za siku moja.

Nyumba iliyomlea

Tendulkar alizaliwa Aprili 24, 1973. Baba yake, Ramesh, alikuwa mshairi na mwalimu wa chuo aliyefundisha fasihi ya Kimarathi. Mama yake, Rajni, alifanya kazi katika shirika la bima. Haikuwa nyumba ya wanamichezo, bali nyumba ya vitabu na mishahara ya kawaida. Aliyekitambua kipaji chake ni kaka yake mkubwa, Ajit, ambaye mwaka 1984 alimshika mkono na kumpeleka kwa mwalimu Ramakant Achrekar katika viwanja vya Shivaji Park.

Achrekar alikuwa na njia yake ya kufundisha. Jioni, kijana akiwa amechoka, mwalimu aliweka sarafu ya rupia moja juu ya kijiti. Mrushaji atakayemtoa Sachin ataichukua sarafu, na asipotolewa mpaka mwisho wa mazoezi, sarafu ni yake. Tendulkar alijipatia sarafu 13 kwa njia hiyo, na baadaye, alipokuwa tajiri, alisema kuwa hizo ni miongoni mwa mali anazozithamini mno. Siku ya kuagana na mchezo alieleza pia kwamba katika miaka 29 mwalimu wake hakuwahi kumwambia kuwa amecheza vizuri, kwa kuchelea asije akabweteka.

Mwaka 1988, katika mashindano ya shule, Sachin na rafiki yake Vinod Kambli walicheza pamoja bila kutolewa hadi wakafikisha mikimbio 664. Kambli alipata 349 na Sachin 326. Yeyote aliyewatazama siku ile angeapa kuwa taifa limepata nyota wawili wa robo karne. Kambli naye alifika timu ya taifa na kuanza kwa kishindo, akiwa na zamu mbili zilizopita mikimbio 200, lakini mechi zake za Testi ziliishia 17, na ya mwisho aliicheza mwaka 1995. Mwenzake alicheza 200. Kipaji walikuwa nacho wote wawili. Wazazi wanaowatazama watoto wao wenye vipawa wakadhani kazi imekwisha, hapa pana la kuzingatia.

Mwanzo wenye sifuri

Mechi ya kwanza ya Tendulkar katika timu ya taifa ilikuwa ya Testi, mjini Karachi, Novemba 15, 1989, dhidi ya Pakistan. Alipata mikimbio 15 tu kabla ya kutolewa na Waqar Younis, kijana mwingine aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza. Mwezi uliofuata aliingia kwa mara ya kwanza katika mechi ya siku moja, akatoka na sifuri. Katika mechi yake ya pili ya aina hiyo, akatoka na sifuri tena.

Hata hivyo, katika ziara hiyohiyo, mjini Sialkot, mpira wa Waqar ulimpiga puani damu zikamchuruzika. Alitakiwa kutoka akatibiwe, naye akakataa, akaendelea kupiga hadi akafikisha mikimbio 57. Miezi michache baadaye, Agosti 1990, akiwa na miaka 17, alipata mia yake ya kwanza mjini Manchester nchini Uingereza. Mikimbio 119 aliyoipata siku hiyo, bila kutolewa, iliiokoa India isishindwe.

Kwa upande wa mechi za siku moja, ngoja ilikuwa ndefu zaidi. Mtu aliyekuja kufikisha mia 49 katika mechi hizo hakupata hata moja katika mechi 78 za mwanzo. Ya kwanza ilimjia katika mechi ya 79, Septemba 1994, mjini Colombo, dhidi ya Australia. Ilikuwa imekwisha miaka karibu mitano tangu zile sifuri mbili.

Siku ya Bristol

Miongoni mwa zile mia 100, iko moja inayotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ilipatikana dhidi ya Kenya.

Ilikuwa Kombe la Dunia la mwaka 1999 nchini Uingereza. Mnamo Mei 19 Tendulkar alipata habari kuwa baba yake, Mzee Ramesh, amefariki dunia. Alirejea Mumbai kumzika, na bila yeye India ikafungwa na Zimbabwe kwa tofauti ya mikimbio mitatu tu. Alikuwa na kila udhuru wa kubaki nyumbani. Lakini mama yake, mjane wa siku chache, ndiye aliyemhimiza arudi akaitumikie timu, kwani hilo ndilo ambalo baba yake angelitaka.

Mei 23, mjini Bristol, aliingia uwanjani kuikabili Kenya iliyoongozwa na nahodha Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Alipiga mikimbio 140 bila kutolewa, na alipofikisha mia aliinua uso na ubao wake juu mbinguni. Rahul Dravid, aliyekuwa naye, alipata 104. India ikashinda kwa mikimbio 94. Wakenya walishindwa siku ile, lakini walishuhudia jambo ambalo halimo katika jedwali la matokeo, nalo ni mwana akitekeleza wajibu huku moyo ukiwa bado kaburini kwa babaye.

Mzee huyo alikuwa amemwachia pia ahadi. Tendulkar amewahi kueleza hadharani kwamba baba yake alimtaka asikubali kamwe kutumiwa kutangaza tumbaku, kwa kuwa vijana wangemfuata. Katika miaka ya 1990 upo wakati ambao ubao wake haukuwa na nembo ya mdhamini yeyote, ilhali fedha za tumbaku zilikuwapo. Hakuzichukua. Pombe nayo alikataa kuitangaza. Katika orodha ya rekodi zake hiyo haihesabiwi, lakini sisi tunaiweka juu.

Kuzomewa nyumbani

Mwezi Aprili 1998, huko Sharjah, Tendulkar aliipiga Australia mikimbio 143 siku ambayo dhoruba ya mchanga iliusimamisha mchezo. Siku mbili baadaye, katika fainali iliyoangukia siku yake ya kutimiza miaka 25, akapiga 134 na kuipa India kombe. Mwaka 2003 alikusanya mikimbio 673 katika Kombe la Dunia moja, rekodi iliyodumu miaka 20. Lakini fainali ilipofika dhidi ya Australia alitolewa akiwa na mikimbio minne tu, na India ikafungwa.

Wala unahodha haukumwendea vyema. Katika mechi 25 za Testi alizoongoza, India ilishinda nne pekee. Mwaka 2005 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, na Machi 2006, baada ya kutolewa akiwa na mkimbio mmoja, alizomewa na baadhi ya mashabiki. Kuzomewa huko hakukuwa ugenini, bali katika uwanja wa Wankhede, Mumbai, mjini kwake. Mwaka 2007 India ilitolewa mapema katika Kombe la Dunia, na wengi wakaandika kuwa zama zake zimekwisha. Yeye mwenyewe alifikiria kuacha. Mwaka huohuo alitolewa mara tatu akiwa na mikimbio 99, ukibaki mmoja tu.

Tafadhali msomaji, tia akilini kuwa yote hayo yalimkuta mtu ambaye tayari alikuwa maarufu kuliko karibu kila mchezaji wa kriketi duniani. Umaarufu haukumkinga.

Yaliyofuata ndiyo yanayosimuliwa zaidi. Oktoba 2008, mjini Mohali, aliivuka rekodi ya Brian Lara wa West Indies na kuwa mwenye mikimbio mingi kuliko wote katika Testi. Februari 24, 2010, mjini Gwalior, akiwa karibu kutimiza miaka 37, alipata mikimbio 200 dhidi ya Afrika Kusini, wa kwanza kufanya hivyo katika mechi za siku moja za kimataifa za wanaume. Aprili 2, 2011, katika Kombe lake la sita la Dunia, India ilitwaa ubingwa palepale Wankhede, na vijana wa timu wakambeba mabegani kuuzunguka uwanja uleule alimozomewa.

Mia ya mia

Wakati huo alikwisha kufikisha mia 99. Nchi nzima ikaanza kusubiri ya 100. Huko London akafika 91, akatolewa. Mumbai akafika 94, akatolewa. Ngoja ilichukua mwaka mmoja na siku nne, hadi Machi 16, 2012, alipopata mikimbio 114 mjini Dhaka dhidi ya Bangladesh. Na siku hiyo kubwa, India ilifungwa.

Novemba 16, 2013, baada ya mechi yake ya 200 ya Testi, aliaga katika uwanja wa Wankhede. Alikuwa na mikimbio 15,921 katika Testi na 18,426 katika mechi za siku moja, pamoja na 10 katika mechi moja ya kimataifa ya mtindo mfupi zaidi. Mama yake alikuwapo uwanjani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama mwanawe akicheza kimataifa ana kwa ana. Katika hotuba yake alianza kwa kumtaja baba yake, aliyemwambia akiwa na umri wa miaka 11 kwamba afuate ndoto zake lakini asitafute njia za mkato. Kisha akawashukuru mama, ndugu zake, na mkewe Anjali, daktari wa watoto aliyeiacha kazi yake ili alee familia. Siku ileile serikali ya India ilitangaza kumpa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia nchini humo, naye akawa mwanamichezo wa kwanza kuipata.

Rekodi nazo zimeanza kuvunjwa, kama ilivyo ada. Novemba 15, 2023, Virat Kohli alifikisha mia ya 50 katika mechi za siku moja, akiivuka 49 ya Tendulkar, katika uwanja huohuo wa Wankhede. Tendulkar alikuwapo jukwaani akimpigia makofi, na Kohli akainama kumpa heshima.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Tendulkar kilijazwa pia na sifuri, maana alitolewa bila mkimbio hata mmoja mara 34 katika maisha yake ya kimataifa. Kijana wetu anaporudi nyumbani na matokeo mabaya ya mtihani, au biashara yake ya kwanza inapokwama, hatakuwa na haja ya kusikia habari za mia 100 za mtu mwingine. Mwambieni habari za zile sifuri mbili za mwanzo, na mechi 78 zilizopita kabla ya mia ya kwanza. Kisha mkeni naye, kama Ajit alivyokaa na mdogo wake, siku ambazo hakuna anayepiga makofi.