Istilahi za Nyumba ya Mteremkoni

Afasiriye nyaraka za ujenzi huona upesi kuwa neno "ramani" limebebeshwa mzigo mkubwa. Kuna ramani ya nchi, ya kiwanja na ya nyumba. Na kila mchoro autoao mbunifu majengo (wengine husema msanifu majengo, nasi hatuna ugomvi nao) huitwa ramani pia. Penye ardhi tambarare ulegevu huu haudhuru sana. Katika milima ya Lushoto au vilima vya mawe vya Mwanza hudhuru, kwani aagizaye "ramani" hupewa mpangilio wa vyumba uonekanavyo kutoka juu, nao hausemi lolote juu ya ardhi inavyoshuka.

Mchoro anaopaswa kuudai ni ule uonyeshao nyumba na ardhi yake kana kwamba zimepasuliwa kwa kisu toka paa hadi msingi. Huo twapendelea kuuita "mkato". Tusiuite "mwinuko", neno lililo na kazi yake tayari: kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari.

"Mteremko" nao wataka kipimo. Tusemapo 1 kwa 6, ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 6 zipimwazo kwa mlalo, si kwa kufuata uso wa ardhi. Nyumba ya urefu wa mita 12 ikielekezwa bondeni, ncha zake zitapishana mita 2, karibu kimo cha mlango. Ikigeuzwa ikafuata mistari ya kontua, na upana wake ukiwa mita 6, tofauti ni mita 1 tu. Aidha, asilimia si digrii: mteremko wa asilimia 100 si ukuta wima, bali ni digrii 45. Mfasiri asiyelijua hili humpotosha fundi.

Kuhusu "kifusi", mafundi wametutangulia. Tulichukue neno lao. Msingi ukikalia kifusi kisichoshindiliwa, upande mmoja hudidimia na kuta hupasuka. Ndiyo maana mbunifu huchora "msingi wa ngazi", ambao kila kidato chake hulala sawa juu ya udongo wa asili.

Limebaki lile jina refu, "ukuta wa kuzuia udongo". Wapo watakao neno moja. Sisi twaliacha lilivyo, kwa kuwa lajieleza lenyewe. Ila maelezo yake yasisahau matundu, maana maji yasipopata pa kutokea hurundikana nyuma ya ukuta na kuusukuma hata ukaanguka.