Mzizi Mmoja, Ukoo wa Maneno
Wanafunzi wengi hapa Malindi na Kilifi hukariri msamiati neno kwa neno, kisha husahau. Waingereza huchota mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Sisi tunayo ya Kiarabu, ambayo mingi huwa na konsonanti 3. Hebu chukua k-t-b, yenye dhana ya kuandika: kitabu, katibu, maktaba, katiba. Vivyo hivyo, h-s-b huzaa hesabu, hisabati na mhasibu. Lakini tahadhari! Hotuba si ndugu ya kitabu. Mzizi wake ni kh-t-b, ndiyo maana msikitini utasikia khutuba. Basi mwalimu, kabla ya kumpa mwanafunzi maana ya neno jipya, mwulize kwanza: hili ni la ukoo gani?