Ndege Wageni Wanaopita Mashambani Mwezi wa Aprili

Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa Machi, mzee mmoja wa Kinangop alikuja ofisini kwetu asubuhi na mapema, matope mpaka magotini. Akasema, "Mwalimu, nipe dawa ya kuua ndege." Watu huniita mwalimu kwa sababu ndiyo kazi niliyosomea kabla ya kuwa karani wa kilimo. Nikamjibu, "Mzee, ofisi haina dawa ya kuua ndege. Ni ndege gani hao?" Akaniambia ni wakubwa, weupe, mabawa yao meusi nyuma, midomo na miguu ni myekundu, tena ni wengi kama kundi la kondoo. Walikuwa wameshuka katika ekari mbili alizopanda juzi, na kwa maoni yake walikuwa wakifukua mbegu.

Bwana Shamba alikuwa safarini, basi nikafuatana na mzee mwenyewe. Tulisimama kando ya ua tukatazama kwa muda wa nusu saa. Ndege walitembea polepole wakidonoa hapa na pale. Walipoondoka tulifukua udongo mahali walipokuwa, tukakuta mahindi yapo yote, na pamoja nayo funza wale wanene wa rangi ya udongo ambao hutoka usiku kukata miche. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe nilitaka kuua vibarua wasiodai mshahara."

Nawaandikia habari hii kwa sababu wakati kama huo hufika kila mwaka, na si mzee huyo peke yake anayekosea.

Ndege wale ni korongo weupe, na kwao ni Ulaya. Sisi huku twaita korongo karibu kila ndege mwenye miguu mirefu, na hapo ndipo makosa huanzia. Yuko korongo mwingine, mwenye taji la manyoya ya manjano kichwani. Huyo ni mwenyeji wetu, anakaa hapa mwaka mzima, na ni kweli hufukua mbegu za mahindi. Dawa yake ni kulinda shamba asubuhi na jioni mpaka miche iwe imara, wala si sumu, maana naye amepungua sana. Korongo mweupe kutoka Ulaya hali mbegu kabisa. Chakula chake ni panzi, nzige, viwavi, funza, vyura na panya wadogo. Wakulima wa Afrika ya Kusini zamani walimwita ndege mkubwa wa nzige.

Huenda ukauliza, kwa nini aje mpaka huku, na kwa nini arudi? Mwezi wa Desemba nchi za kaskazini zina baridi kali na theluji, na wadudu hawaonekani. Ndege anayekula wadudu hana budi kuhama au afe. Lakini kuanzia Machi jua hurudi kule, mchana unakuwa mrefu kuliko wetu, wadudu wanajaa, na ndege anapata saa nyingi za kuwatafutia watoto wake chakula. Kwa hiyo huondoka huku mvua zetu za masika zinapoanza, akaenda kutaga mayai kwao.

Zamani wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hili. Wengine walidhani mbayuwayu hulala ndani ya matope ya maziwa wakati wote wa baridi. Basi mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipatikana korongo aliyechomwa shingoni kwa mshale mrefu wa mti, naye alikuwa ameruka nao mpaka huko. Walipoutazama wakatambua kuwa umetengenezwa Afrika. Korongo huyo amekaushwa na kuwekwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Sijui Mwafrika aliyerusha mshale ule angesemaje kama angejua kwamba amewafundisha wataalamu.

Ukitaka kuwaona wakisafiri, tazama juu kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri. Korongo na tai hawapendi kupigapiga mabawa. Jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda, nao huzunguka ndani yake mpaka wawe kama vumbi angani, kisha huteleza kuelekea kaskazini na kutafuta mahali pengine hewa inapopanda. Juu ya bahari hakuna hewa ya namna hiyo ya kutosha, ndiyo maana hupitia nchi kavu, Sudani na Misri, badala ya kukata bahari moja kwa moja. Ndege wengi wadogo husafiri usiku, wakitumia mafuta waliyojiwekea mwilini. Mbayuwayu, yule mwenye koo jekundu na mkia wa panda, yeye husafiri mchana huku akila njiani. Uzito wake ni kama wa vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Mwezi wa Aprili huwaona wamejipanga kwenye nyaya, na baada ya siku chache nyaya ni tupu. Ukiona mbayuwayu anajenga chini ya paa lako, huyo ni wa aina nyingine, wa kwetu hapa.

Sasa nije kwa wakulima wa viazi. Adui yenu ni fuko, na kila mmoja anajua hasara yake: unavuta shina la kiazi, linatoka peke yake. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi tunaye mgeni wa kutusaidia, tai mkubwa wa rangi ya kahawia kutoka nyika za Urusi na Kazakhstan. Katika nyanda hizi za juu husimama chini, karibu na vichuguu vya fuko, akingoja udongo utikisike. Wengine humdhania mvivu au mgonjwa, wakamtupia mawe. Mwaka 2015 tai huyu aliwekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Jambo la hatari ni hili. Mkulima hupaka dawa ya wadudu kwenye kiazi au nyama ili kuua fuko au mbweha. Fuko akila akatoka nje akilegea, tai humla, na tai naye hufa. Mbwa wako akiipata nyama ile, hali ni hiyo hiyo. Tumieni mtego wa kamba na fimbo ya kupinda, kama walivyofanya wazee wetu. Fuko mmoja hukaa peke yake katika mashimo yake, kwa hiyo ukimnasa huyo umesafisha mahali pale mpaka mwingine ahamie.

Sitaki kuwadanganya kwamba ndege watamaliza kazi yote. Viwavijeshi weusi wakitokea kwenye malisho au mahindi baada ya mvua ya kwanza, korongo watakula wengi, lakini viwavi waliobaki wanaweza kumaliza shamba. Usingoje ndege, leta habari ofisini siku ile ile. Na yule kiwavi vamizi aliyeingia Kenya mwaka 2017 hujificha ndani kabisa ya majani machanga ya mhindi, ambako korongo hawezi kumfikia. Ukinyunyiza dawa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ukiona korongo wameshuka shambani wafukuze kwanza, maana mdudu aliyenyunyiziwa dawa ni sumu kwa anayemla.

Vijana wenye manati waambiwe pia. Korongo akishuka jioni amechoka na ni rahisi kumpiga, na kila mwaka tunasikia ameuawa mmoja au wawili kwa mchezo tu.

Mwisho, mara nyingine ndege hawa huwa na pete mguuni, ya chuma au ya plastiki, yenye herufi na namba. Huo si uchawi wala si chombo cha upelelezi. Watu wanaochunguza safari za ndege huwavisha ili wajue wanakotoka na wanakokwenda. Hata hapa Kenya, pale Ngulia katika Tsavo Magharibi, ndege wadogo wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969. Ukimkuta ndege mwenye pete amekufa, andika namba yote bila kuacha herufi, tarehe, na jina la mahali, uipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au utuletee sisi tuipeleke. Akiwa hai, soma namba kama unaweza, kisha mwache aende. Ndege mwenyewe msituletee ofisini. Hatuna mahali pa kumweka.