Mwanga na Joto Salama kwa Mtoto Anayejisomea Nyumbani

Mji wa Sumbawanga uko katika uwanda wa juu wa Ufipa, takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali, na jua likishatua, mtoto anayejisomea huhitaji mwanga na joto. Katika makala haya tunamshauri mzazi au mlezi kuhusu yote mawili.

Tuanze na joto, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya uhai. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili mtoto asome bila kutetemeka. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto huumwa kichwa na kusinzia. Mzazi hudhani ni uchovu wa masomo, kumbe huenda asiamke tena. Mkaa ulioiva, hata usipotoa moshi, si salama. Jiko na libaki nje. Mtoto avae sweta na soksi, ajifunike blanketi magotini, na somo gumu alisome mapema, kabla ya giza. Akionesha dalili hizo penye jiko, mtoeni nje mara moja na kumpeleka kituo cha afya.

Kuhusu mwanga, koroboi hutoa moshi, mwali wake huyumba, na likipinduka huwasha moto. Penye umeme, balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 3 kila siku kwa siku 30 hutumia uniti 0.81 tu, balbu ya zamani ya wati 60 hutumia uniti 5.4. Pasipo umeme, taa ya sola yafaa.

Kabla ya kulipa, tazama alama ya ubora ya TBS, omba taa iwashwe mbele yako, uliza muda wa dhamana, na dai risiti. Taa ikiharibika mapema, risiti ndiyo ushahidi wako.

Mwisho, kwa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, taa iwekwe upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari.