Bomba la dawa unalioshea wapi?

Ndugu mkulima wa Kilosa na Mikumi, ukimaliza kupulizia nyanya dawa, bomba lako unalioshea wapi? Wengi huliosha mtoni. Huko chini, mama mwingine anateka maji ya kunywa.

Maji ya Mto Mkondoa hupita Kilosa. Huingia Mto Wami. Wami huingia baharini karibu na Saadani. Sumu uliyoosha haibaki kwako.

Tunajua kwa nini unapulizia sana. Mdudu kanitangaze alionekana Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani. Dawa haimfikii vizuri. Wanaopona huzaa watoto wasiosikia dawa hiyo. Nawe unaongeza dawa. Wanaokufa ni nyuki na buibui. Buibui hula wadudu, na nyuki ndio wanaofanya maboga yako yazae!

Wako wakulima wanaofuata kilimo hai. Hawatumii mbolea ya chumvichumvi. Hutumia samadi na mboji. Kwa wadudu hutumia mwarobaini. Twanga gramu 500 za kokwa za mbegu zake, zilizomenywa. Loweka katika lita 10 za maji usiku kucha. Chuja kwa kitambaa. Tia sabuni kidogo. Pulizia jioni, kwa sababu jua huondoa nguvu ya dawa hii. Usitegemee mdudu afe papo hapo. Ataacha kula, na hatakua.

Je, kilimo hai hakina madhara? Kinayo. Mwarobaini nao unaweza kudhuru samaki. Dawa ya shaba, ambayo wakulima hao huruhusiwa kutumia, haiozi. Hukaa udongoni. Samadi mbichi ikisombwa na mvua huchafua mto. Tena mara nyingi mavuno hupungua. Mtu akipata kidogo hutaka kufyeka pori jipya. Pori tulilo nalo si kubwa, na Hifadhi ya Mikumi ina mpaka wake tangu mwaka 1964.

Kwa hiyo usibadili shamba lote kwa siku moja. Anza na robo eka. Linganisha mavuno na gharama.

Lakini jambo la mto halingoji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Oshea bomba shambani, mbali na kisima. Kopo la dawa likiisha, litoboe. Mtoto asije akalichotea maji.