Wanafunzi Waijenge Reli ya Butere Kwenye Tarakilishi

Kuna mchezo wa tarakilishi ambao walimu wengi wakiuona huudharau papo hapo: ule wa kuendesha garimoshi. Mchezaji hukaa penye usukani wa dereva, akasoma ishara za njiani, akafunga breki mapema au akachelewa na kuipita stesheni. Kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wa namna hii mwaka 2001, na baadaye wapenzi wa reli wakatunga programu iitwayo Open Rails, ambayo hupatikana bila malipo. Jambo linalonivutia mimi si kule kuendesha. Ni kule kujenga. Wapenzi hao huchagua njia ya reli wanayoijua, wakaichora upya kona kwa kona na daraja kwa daraja, kisha wakaitungia ratiba. Wengine hata hupendekeza njia ambazo hazijapata kuwako, hasa za kuwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni.

Napendekeza kwamba shule za Kisumu na viunga vyake zifanye vivyo hivyo na reli ya Kisumu hadi Butere.

Msomaji huenda akauliza mbona nisiichague njia ya Kibos, Miwani na Muhoroni, iliyo kongwe zaidi. Hiyo ni njia kuu ya kwenda Nakuru na Nairobi, nayo hupita kwenye mashamba ya miwa. Ile ya Butere ina kilomita 69 tu, lakini imezifunga pamoja Kisian, Maseno, Luanda, Yala na Butere kama shanga kwenye uzi. Pale Kisian ndipo barabara ya Bondo inapochepuka. Maseno kuna chuo kikuu, na kuna shule iliyoasisiwa mwaka 1906. Luanda ni soko, tena soko hasa. Yala na Butere zina shule ambazo majina yake yanajulikana nchi nzima. Ukisimama kando ya barabara ya Busia saa kumi na mbili za asubuhi, utawaona watu ninaowasema: walimu, wauguzi, wachuuzi na wanafunzi, wote wakingojea matatu ambayo nauli yake haina msimamo, hupanda mvua inaponyesha na hupanda tena shule zinapofunguliwa.

Historia ya reli hii nayo yastahili somo zima. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali ilipokomea pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mkewe mhandisi mmoja wa reli. Kwa miaka thelathini hivi Kisumu palikuwa mlango wa kwendea Uganda: mizigo ilishuka garimoshini ikaingia melini. Mwaka 1931 reli iliyopitia Eldoret ikafika Kampala, na Kisumu, uliokuwa mwisho wa safari kuu, ukageuka kuwa mwisho wa tawi. Kipande cha Butere kilikuja wakati uo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ili kuyatoa mazao ya mashambani. Maana yake ni kwamba ratiba yake haikubuniwa kamwe kwa ajili ya mtu anayetaka kuwa darasani saa mbili kasorobo. Nairobi ilijengewa stesheni ya Syokimau mwaka 2012 kwa ajili ya mtu kama huyo. Huku kwetu mazungumzo ya garimoshi la kila siku huvuma wakati wa kampeni, kisha yakazimika, na aghalabu huvuma bila hesabu hata moja.

Hesabu zenyewe ndizo mchezo unazozidai, wala haukubali porojo. Tuanze na mwinuko. Kisumu upo kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Maseno, penye mstari wa ikweta, ni kiasi cha mita 1,500. Garimoshi lazima lipande mita 370 hivi. Tuseme reli haiwezi kupanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 50. Basi mpandaji huo wahitaji reli isiyopungua kilomita 18 na nusu, hata kama barabara ingeweza kukata mkato. Mwanafunzi akiisha kupiga hesabu hiyo atajua kwa nini reli hujinyonganyonga kilimani kama nyoka, na hatamwuliza mwalimu tena faida ya uwiano. Data za miinuko zenyewe zipo bure, kwani chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima sehemu kubwa ya uso wa dunia mwezi Februari 2000, na nchi yetu imo.

Lipo fumbo gumu kuliko hilo, na hapa ndipo ningependa walimu wa hisabati wakae kitako. Njia ya Butere ina reli moja. Magarimoshi mawili yanayokabiliana hayawezi kupishana ila penye njia ya kupishania. Ikiwa kutoka kipishanio kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika 20, garimoshi la kwenda likiisha kupita, la kurudi nalo huchukua dakika 20, na kwa hiyo kila upande hauwezi kupata zaidi ya garimoshi moja kwa dakika 40. Mwanasiasa anaweza kuahidi garimoshi kila robo saa. Tarakilishi itamwonyesha mtoto wa kidato cha pili magarimoshi mawili yakitazamana uso kwa uso baina ya Kisian na Maseno, wala hakuna la kurudi nyuma.

Hili si jambo la kubuni. Kule Wales, bonde la Ebbw Vale lilinyimwa garimoshi la abiria mwaka 1962. Kiwanda cha chuma cha huko kilipofungwa mwaka 2002 watu walihitaji kwenda mbali kutafuta kazi, na Februari 2008 abiria wakarudishiwa reli yao. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya reli moja, walipata garimoshi moja kwa saa, la kwenda Cardiff. Mji wa Newport, ulio karibu zaidi, ulibaki bila huduma hiyo mpaka mwaka 2024, baada ya kipande cha njia kuwekewa reli ya pili. Miaka kumi na sita! Mtu aliyewahi kuicheza ratiba ile angeiona kasoro hiyo kwa alasiri moja.

Najua pingamizi litakalotolewa. Shule nyingi hazina tarakilishi za kutosha, na zilizonazo huzifungia chumbani zisije zikaharibika. Hata hivyo mradi huu hauanzi na tarakilishi. Unaanza kwa miguu, kwa daftari na kamba ya kupimia. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wafanye miradi katika jamii zao, na mara nyingi miradi hiyo huishia kuwa maboksi yaliyopakwa rangi, ambayo mzazi ndiye aliyeyatengeneza usiku. Hapa kuna kazi ya darasa zima: wa jiografia wachore ramani, wa historia wawatafute wastaafu wa reli, wa Kiswahili wayaandike masimulizi yao, na wa hisabati watunge ratiba.

Hao wastaafu nawasema kwa sababu maalumu. Katika mitaa ya Kisumu bado wapo wazee waliokuwa madereva, wapiga ishara na mastesheni masta. Wao wanajua ni kona ipi iliyoteleza asubuhi za mvua, na ni kijiji gani ambacho dereva alipiga honi mapema kwa kuwa ng'ombe walizoea kulala relini. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Ramani ya setilaiti haiyaonyeshi, na kila mwaka tunamzika mmoja wao pamoja na aliyoyajua.

Lipo na jambo la mamlaka. Mipango ya reli hupangwa Nairobi, kisha wakazi huitwa ukumbini kutoa maoni kwa saa mbili. Wengi husema tunataka garimoshi, na mkutano ukafungwa. Siku vijana kumi wa Maseno watakapoingia ukumbini humo na ratiba waliyoijaribu wenyewe, wakauliza kwa nini hakuna kipishanio kabla ya mpando, au kwa nini stesheni ya Luanda isisogezwe karibu na soko, mhandisi atalazimika kuwajibu.

Muhula wa kwanza unatosha kwa Kisumu hadi Kisian peke yake: kipande kifupi kilicho karibu na ziwa, kabla mlima haujaanza. Wanafunzi wakishaweza kulifikisha garimoshi Kisian saa moja kamili, likakuta abiria wa Bondo wameshuka kwenye matatu zao wanalingojea, ndipo waanze kuupima mpando wa Maseno.